Krimu iliyonipenda London imenikataa Kampala. Shida ni krimu au ni mimi?

Mwalimu wa Ntinda

Jamani, habari za jioni. Humu huwa napita kimya kimya, nasoma, nacheka, naondoka zangu. Leo nimepiga hodi maana uso wangu umenigomea na mtu wa kumuuliza yuko zamu ya usiku, hashiki simu.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha sekondari hapa Kampala, kwetu Arua. Dada yangu mkubwa anaishi London, upande wa Lewisham, huu mwaka wa kumi na moja, anatunza wazee. Desemba shule zilipofunga akanitumia tiketi, nikakaa kwake wiki tano. Orodha ya vitu vya kumpelekea ilikuwa ndefu kuliko ya mahari: odi ya simsim (ufuta uliosagwa), angara (samaki wakavu wa kwetu), bamia kavu, na moo yaa chupa tatu. Wasioijua moo yaa, ni mafuta ya shea ya huko kaskazini. Mama aliyanunua kwa mwanamke wa Lira anayeuza sokoni, akayamimina kwenye chupa za maji ya kunywa, akafunga kwa nailoni na mpira wa nywele. Akaniambia, "Hii haitoki hata ikianguka kutoka mbinguni."

Ilitoka. Chupa moja ililegea kifuniko huko kwenye tumbo la ndege, ikavuja na kulowanisha mfuko wa angara. Dada alipofungua sanduku jikoni, harufu iliyotoka pale ilimfanya jirani wa juu afungue dirisha katikati ya baridi. Dada naye alichota yale mafuta kidoleni, akajipaka mikono yote miwili, akanusa, akanyamaza. Sikumuuliza kitu.

Sasa ngozi. Siku ya tatu pale nilikuwa natoa magamba. Si mzaha, ningeweza kuandika jina langu kwa ukucha kwenye muundi na likasomeka. Losheni niliyotoka nayo Kampala ilikuwa kama maji ya bomba. Dada akanishika mkono mpaka jikoni, akafungua birika la umeme, akasema, "Chungulia." Ndani kulikuwa na ganda jeupe la chokaa, unalikwangua kwa kijiko linatoka vipande. "Haya ndiyo maji unayooga. Ongeza kile chuma cha joto ukutani kinachokausha hewa mchana na usiku. Ulitegemea nini?"

Akaninunulia krimu ya kopo kubwa, nzito, haina harufu, imeandikwa seramidi, yale mafuta ya kulinda ngozi isikauke. Akanifundisha kuipaka kabla mwili haujakauka vizuri baada ya kuoga, si baada ya kuvaa na kunywa chai kama nilivyozoea. Siku nne tu, muundi ukarudi wa binadamu. Wiki ya pili uso ulikuwa laini hata mimi mwenyewe najigusagusa kwenye basi.

Halafu faundesheni. Hapa nitachukua muda wenu. Miaka yote nimenunua poda na faundesheni mjini, na muuzaji huwa na neno lake moja: "Nyabo (yaani bibie), hii itakutoa." Kunitoa wapi sijui, ila kila mara ilikuwa nyeupe kuniliko. Nina picha za harusi ya binamu yangu, uso wa Jumapili juu ya shingo ya Jumatatu. Kule dada akanipeleka kaunta ya vipodozi, binti wa pale akanichora mistari mitatu kwenye taya, si mkononi, halafu akanipa kioo kidogo akanituma nje mlangoni. "Taa za dukani zinadanganya. Nenda kaangalie mchana." Nikasimama kwenye baridi natetemeka na kioo changu. Mistari miwili ilionekana. Mmoja sikuuona kabisa, na huo ndio ulikuwa wangu. Akaniambia ngozi yangu chini yake ina wekundu, na zile zote nilizokuwa nanunua zilikuwa za umanjano, ndiyo maana nilikuwa naonekana kama nimetoka kulia. Mwalimu mzima, miaka 36, sijui rangi ya uso wangu.

Nirudi kwenye swali. Nimerudi Kampala mwisho wa Januari, nikaendelea na krimu ileile. Wiki ya pili vipele vidogo vidogo vikaanza, vinawasha, jua likipanda vinawasha zaidi. Faundesheni niliyochaguliwa vizuri vile sasa inakuwa ya kijivu ikifika saa nne asubuhi. Sanskrini, ile krimu ya kukinga jua aliyonipa dada, inaniacha kama nimepitia kwenye gunia la unga wa muhogo. Wanafunzi wa kidato cha pili wameshanipa jina, silisemi hapa.

Mlio na ndugu nje na mnaletewa vitu, mnafanyaje? Niiache krimu? Imegharimu pauni 16 jamani, na dada hajui nalalamika.

Kijana wa Odramachaku

Mwalimu, awadifo, yaani asante, kwa habari ya angara, nimecheka nikiwa kwenye foleni ya benki.

Hiyo krimu usiitupe. Ulete Arua mwezi wa kwanza, upepo wa kiangazi ukivuma na vumbi lile jekundu, uone kama haitakuwa na kazi. Mama yangu visigino vyake vinashika shuka usiku. Huko Kampala mnaishi ndani ya sufuria yenye mvuke, krimu ya baridi ya wazungu mnaipeleka wapi?

Kwenye poda sina mchango. Nimesoma tu.

Mama Pacha, Jinja

Pole dada. Mimi yangu ni Toronto. Mdogo wangu wa kike yuko kule, nimeenda mara mbili, mara ya kwanza akizaa na mara ya pili akizaa tena (mwanaume wa kule haogopi kulea, ila supu ya uzazi hajui kupika, basi naitwa mimi).

Yaliyokupata yamenipata. Februari ya Toronto ngozi inapasuka kwenye pembe za mdomo, mdogo wangu akanipaka kila kitu kizito alichonacho nikang'aa. Nimetua Entebbe, nimefika Jinja, unajua joto la Jinja lilivyo na ziwa lile pale, wiki moja tu nimekuwa kama nimepikwa. Nilichojifunza ni kwamba ndugu zetu wanatupa kinachowafaa wao, kule, mwezi ule. Hawana ubaya. Ila ngozi inaishi mahali ilipo.

Sasa hivi krimu nzito yote inaishia miguuni, viwiko na magoti. Usoni natumia ya majimaji kama jeli, ina glisirini, napaka kidogo uso ukiwa na unyevu. Glisirini ile ile ya chupa ndogo ya famasia, ya miaka yote, ambayo mama zetu walikuwa wanachanganya na maji. Nilikwenda Canada kujifunza glisirini, fikiria.

Na onyo moja kwa wasafiri: usiweke kitu kizuri kwenye begi la mkononi kama chupa inazidi mililita 100. Viwanja vingi haijalishi imebaki nusu, wanaangalia chupa. Yangu ya dola sijui ngapi, zawadi ya shemeji, iliingia pipa la taka la uwanja wa ndege nikiiangalia.

Mfamasia wa Mbale

Mwalimu, kabla hatujaihukumu krimu, naomba unijibu:

Vipele viko wapi hasa? Paji la uso, mashavu, kidevu?

Vyote vina ukubwa mmoja au vingine vikubwa vina usaha?

Nywele zako ziko vipi sasa hivi, na unazipaka nini?

Unasafiri na nini kwenda kazini?

Na, samahani kwa swali hili, kabla ya London ulikuwa unatumia chochote cha "madoa"?

Mwalimu wa Ntinda

Daktari, maswali yako kama ya polisi, lakini nitasema ukweli.

Viko paji la uso, hasa juu, pale nywele zinapoanzia, na kidogo kwenye panja za uso. Mashavuni karibu hakuna. Vidogo, vinafanana, havina usaha.

Nywele nimesuka. Nilisuka siku niliyorudi. Na kila usiku napaka moo yaa kwenye mistari, maana nilibaki na chupa mbili, dada alikataa kuchukua zote akisema mimi ndiye nitakayetembea juani.

Nakwenda kazini kwa boda. Helmeti ni ya dereva, ina sifongo ndani, na ninapoivua pale getini upande wa ndani una rangi ya faundesheni yangu na za wanawake wengine nisiowajua. Naona hata aibu kuandika.

Swali la mwisho. Ndiyo. Nilipojifungua mtoto wa pili nilipata madoa mashavuni, kama ramani. Kuna tyubu nilikuwa nanunua kwenye vichochoro vya nyuma ya Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini, elfu nane, haina karatasi, maandishi ya upande mmoja tu. Ilifanya kazi haraka sana, ndani ya wiki tatu. Nikiacha yanarudi meusi zaidi. Nimeitumia kama miaka miwili, nikiacha nikirudia.

Dada ndiye aliyenikamata. Tulikuwa Peckham, Rye Lane, tumekwenda kutafuta ndizi za kupika, muuzaji wa duka moja la vipodozi akaniita pembeni na kuninong'oneza kwamba ana kitu "kikali" chini ya meza. Dada akanivuta mkono wa koti. Tulipofika kituo cha basi akageuza mkono wangu, akaangalia fundo za vidole, akauliza, "Hizi zimekuwaje nyeusi hivi wakati mkono wote umepauka?" Nilikuwa sijawahi kuziangalia. Kweli zilikuwa nyeusi kama za mtu anayekanda udongo. Tyubu ilibaki kwenye pipa la takataka la Lewisham.

Mfamasia wa Mbale

Asante kwa ukweli, wengi hawasemi. Basi nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kwanza krimu yako. Nadhani mshtakiwa si yeye, au si yeye peke yake. Vipele vinavyofuata mpaka wa nywele, vidogo, vinavyofanana, kwa mtu anayepaka mafuta kichwani, hilo tunalijua siku nyingi. Madaktari wa ngozi Marekani waliandika mwaka 1970 kuhusu chunusi za mafuta ya nywele, wakiwaona hasa watu weusi waliokuwa wakipaka grisi kichwani. Mafuta yanateremka usiku na jasho, yanaziba vitundu vya paji la uso. Moo yaa yetu ya kaskazini ni laini kuliko shea ya Afrika Magharibi, ina mafuta mengi ya majimaji, kwa joto la Kampala inakaa chupani kama mafuta ya kupikia. Unailalia, inateremka. Asubuhi unaivika helmeti juu, sifongo lenye jasho la watu ishirini, joto, msuguano. Hapo hata ngozi ya jiwe ingetoka vipele.

Kule London ulikuwa hupaki kichwani, au sivyo?

Kwa hiyo: moo yaa iwe kwenye ncha za nywele na mwilini, isiguse paji. Osha uso ukifika nyumbani. Helmeti usiivue, nakuomba, afadhali vipele kuliko lami. Nunua kofia nyembamba ya pamba ya kuvaa ndani, ifue kila siku mbili. Ukiona wiki nne hazijabadilisha kitu na vinaendelea kuwasha, nenda kliniki ya ngozi, kuna vipele vya aina hiyo ambavyo ni fangasi na dawa yake ni nyingine kabisa. Usijitibu kwa kubahatisha. Na limau usiguse, maana najua kuna mtu anakuja kuandika limau. Maji ya limau yakikutana na jua yanachoma ngozi na kuacha alama nyeusi za miezi.

Sasa ile tyubu. Siijui, lakini dalili ulizotaja, kung'aa haraka, kurudi weusi zaidi ukiacha, fundo za vidole, nimeziona sana kaunta. Mara nyingi ni haidrokwinoni, kemikali ya kupausha ngozi, au steroidi, dawa kali za ngozi kama klobetasoli, au vyote pamoja, na mara nyingine zebaki. Haidrokwinoni Afrika Kusini waliiondoa kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya ikaikataza katika krimu za kung'arisha kuanzia 2001, na hapa kwetu UNBS, shirika la viwango la Uganda, imeipiga marufuku kwenye vipodozi pamoja na zebaki. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu ambao hautoki. Steroidi zinachuja ngozi hadi mishipa inaonekana. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo, na ukimbeba mtoto unampakaza naye. Kitu kisicho na orodha ya vilivyomo, jina la kiwanda wala tarehe, kiache huko huko kichochoroni hata kama ni cha bure.

Fundo huwa zinaonyesha mapema kwa sababu ngozi yake ni nene na haikubali kung'aa kama pengine. Dada yako ana macho.

Madoa ya mimba yenyewe huletwa na homoni, halafu jua ndilo linaloyalisha. Na kwetu jua si utani. Mstari wa ikweta uko Kayabwe pale njia ya Masaka, na Kampala iko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200. Sanskrini ndiyo dawa ya kwanza ya madoa, zile nyingine zote zinafuata. Namba 30 kwenye kopo (SPF) inazuia asilimia 97 hivi ya miale inayochoma, namba 50 inazuia 98, kwa hiyo usimlipe mtu mara mbili kwa sababu ya namba. Tatizo kubwa ni kwamba watu wanapaka kidogo. Kwa uso na shingo, jaza mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili.

Ule unga wa muhogo ni zinki au titani, ndio weupe wake. Tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Na hapa si urembo tu, ile rangi ni oksaidi ya chuma, ambayo inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Kwa watu weusi wenye madoa mwanga huo nao unachangia, na sanskrini nyeupe ya kawaida haiuzuii vizuri.

Mwalimu wa Ntinda

Daktari umenimaliza. Kweli kule sikupaka kichwani, nilivaa kofia ya sufu wiki tano nywele zikiwa zimefungwa, dada alisema baridi itaingia masikioni.

Kwa hiyo nimekuwa nikimsingizia mtoto wa watu.

Bint Mvita

Mwalimu, mimi nimezaliwa Mombasa, nimeolewa hapa Old Kampala, na nimesoma hii yote nikitikisa kichwa kwa sababu ya ule ukijivu. Hakuna aliyekujibu hapo.

Ukijivu wa saa nne una sababu mbili kwako. Ya kwanza ni sanskrini nyeupe iliyo chini: umejenga nyumba nzuri juu ya chokaa. Ukipata ya kahawia, nusu ya tatizo limekwisha. Ya pili, ulichaguliwa rangi Januari, London, baada ya wiki kadhaa jua likizama saa kumi jioni ukiwa ndani ya koti. Rangi uliyokuwa nayo siku ile si uliyo nayo sasa baada ya paredi ya asubuhi na boda. Mimi nina mbili, moja ya nilivyo na moja nyeusi kidogo, nazichanganya nyuma ya kiganja kulingana na mwezi. Na sipaki uso mzima. Napaka palipo na doa, nasugua kwa sifongo lenye unyevu, poda kwenye pua na paji tu.

Shangazi yangu yuko Muscat, nilikwenda kwake mwaka juzi. Kule nilijifunza kitu kimoja cha wanja ambacho nakupa bure: baada ya kupaka, funga jicho, gusa kope ya chini kwa poda kidogo sana ya rangi yako. Hauteremki hata ukicheka mpaka machozi, na kule kwa shangazi tulicheka, mume wake akidhani tunamcheka yeye. Tulikuwa tunamcheka yeye.

Halafu niseme kuhusu hizi rangi. Sisi watu weusi wa kweli kweli tumeteseka. Mpaka 2017 alipokuja Rihanna na vipodozi vyake vya Fenty, faundesheni za rangi 40 kwa mara moja, ndipo kampuni nyingine zikakumbuka kwamba tupo. Zilikuwepo za kwetu hata kabla, sikatai, ila ulikuwa unaingia duka kubwa unaonyeshwa tatu: ya mzungu, ya Mhindi, na moja "ya giza" ambayo ni ya chungwa. Sasa rangi zipo, lakini muuzaji wetu wa mjini bado ana "itakutoa" mdomoni.

Bibi yangu alikuwa akisaga liwa, ule mti wenye harufu nzuri, juu ya jiwe na marashi ya mawaridi, anajipaka uso mzima, anakaa barazani mchana kutwa akiwa wa manjano. Uso wake ulikwenda kaburini bila doa. Sisemi ni liwa. Hakuwahi kutoka juani pia.

Kijana wa Odramachaku

Mwalimu aende paredi na liwa. Kidato cha pili watabadilisha jina.

Mwalimu wa Ntinda

Bint Mvita, nimecheka ya shangazi. Kijana, nitakutafuta Arua.

Nimerudi kutoa ripoti, leo ni wiki ya tatu na siku mbili.

Nilinunua kofia tatu za pamba sokoni Owino, elfu mbili mbili. Dereva wangu wa boda alipoona nafunga kichwa kabla ya helmeti aliuliza kama nimesilimu. Nikamwambia mimi ni Mwislamu tangu kuzaliwa, akasema, "Basi sasa imeonekana." Jioni ya pili aliniletea helmeti ameikosha sifongo kwa sabuni, bado mbichi, akiwa na fahari. Nilikwenda na maji yakinitiririka shingoni lakini sikusema neno.

Vipele vimepungua sana. Panja za uso zimesafika, paji limebaki na vichache pale juu. Krimu ya dada nimeigawa, nusu nimeiweka kwenye kopo la siagi la kumpelekea mama kwa ajili ya visigino, nusu napaka miguu na fundo za vidole usiku. Usoni natumia jeli, Mama Pacha ulisema kweli.

Sanskrini ya kahawia niliipata famasia ya kule Kisementi baada ya kuzunguka nne. Ile ya kwanza walinipa "yenye kung'arisha" ndani, nikasoma kopo mbele yao neno kwa neno kama namsahihishia mtoto insha, nikairudisha. Ya pili ilikuwa imekaa dirishani juani, kwenye kopo imechorwa kile kikopo kilicho wazi chenye 12M, yaani miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa, nikauliza hiyo ya kuonyesha imefunguliwa lini, hakuna aliyejua. Ya nne ndiyo. Bei imeniuma, elfu sitini na tano. Lakini ukijivu umekwisha. Saa nne, saa sita, nipo wa rangi moja mpaka shingoni.

Nilimpigia dada video Jumapili nimwonyeshe. Aliniangalia muda, akasema nimekuwa mweusi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sogeza simu karibu." Nikasogeza. "Mashavu?" Nikageuza shavu moja, nikageuza la pili. Ramani bado ipo lakini imefifia, ukiijua ndiyo utaiona. Fundo za vidole bado. Akauliza krimu yake inaendeleaje, nikasema inafanya kazi nzuri sana, na si uongo, sikusema tu ni kwa visigino vya nani.

Mama Pacha, Jinja

Mashallah. Sasa ile moo yaa, kama hupaki tena kichwani, iko kazi gani? Mdogo wangu ameniita tena Toronto mwezi wa saba. Ndiyo, tena. Nataka kumpelekea.

Mwalimu wa Ntinda

Njoo uchukue dada, nimebaki na chupa moja na nusu. Nzima haina neno. Hiyo nusu ilikuwa sanduku moja na angara, niambie mapema kama shemeji yako ana pua.